Sumaku iliyotushinda kwenye simtanki: kisa cha aseniki katika kisima kirefu

Kisa hiki kinatoka kijiji kimoja katika ukanda wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria. Jina la kijiji, shule, zahanati na watu wote limeondolewa, na vipimo vimewekwa kwa namba nzima. Mimi ni mtu wa mabomba na pampu. Kemia niliyoandika humu nilifundishwa na mkemia wa timu yetu, mara nyingi tukiwa tumechutama pembeni mwa ndoo.

Maji matamu

Kijiji kilikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni kisima cha pampu ya mkono ambacho maji yake yakikaa usiku mmoja kwenye dumu hugeuka rangi ya matofali. Nguo nyeupe zikifuliwa kwa maji hayo huharibika, na wali hupata ladha ya chuma. Watu walikikimbia zamani, pampu ikabaki na mti mmoja wa mwarobaini ulioota karibu yake. Cha pili kilichimbwa baadaye, kirefu, mita 70 hivi ndani ya mwamba, kikafungiwa pampu ya jua na simtanki, na bomba likapelekwa shuleni, zahanati na kwenye magati matatu, yaani vituo vya kuchotea maji. Maji yake yanang'aa, hayana harufu. Wenyewe waliyaita maji matamu, na kuna waliokuwa wakiyafuata kutoka kitongoji cha jirani kwa baiskeli yenye madumu manne.

Aseniki haina rangi, haina ladha, haina harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kikemia si metali kamili, lakini kwa watu wa maji inawekwa kapu moja na risasi, zebaki na kadimi kwa sababu madhara yake hujikusanya polepole: madoa ya ngozi, sugu kwenye viganja na nyayo, na baada ya miaka mingi saratani za ngozi, mapafu na kibofu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, tangu 1993, ni mikrogramu 10 kwa lita.

Tuliigundua kwa bahati. Tulikuwa tunapita kupima floraidi, na kwenye gari kulikuwa na kipimo cha aseniki cha karatasi kilichobaki kutoka kazi nyingine: unaweka maji kwenye chupa, unatia tindikali na unga wa zinki, gesi inapanda na kubadili rangi ya kikaratasi kutoka nyeupe kwenda njano hadi kahawia. Tulitarajia nyeupe. Ikaja njano iliyokolea. Tukarudia kwa chupa nyingine, ikaja ileile.

Kusema au kungoja

Uamuzi wa kwanza haukuwa wa kitaalamu hata kidogo. Je, tuuambie uongozi wa jumuiya ya watumia maji siku hiyohiyo, au tungoje maabara? Kipimo cha karatasi kinakupa kiwango cha kukisia tu, na salfaidi ikiwemo majini inaweza kukidanganya. Ukitangaza halafu ikawa si kweli, umeharibu chanzo pekee kinachotegemewa. Ukinyamaza halafu ikawa kweli, umewanywesha watu huku unajua.

Tulichagua njia ya katikati: tukamwambia katibu wa jumuiya na mwalimu mkuu pekee, tukachukua sampuli tatu zilizotiwa tindikali kama inavyotakiwa, na tukaahidi jibu ndani ya siku 14. Jibu lilirudi siku ya 11: mikrogramu 62 kwa lita, mara sita ya kikomo. Mkutano wa kijiji ukaitishwa Jumamosi iliyofuata.

Kwenye mkutano kidole kilielekezwa haraka kwenye karasha za kusaga mawe na mialo ya kuchenjulia dhahabu iliyo umbali wa kilomita kadhaa. Inaeleweka. Lakini mwamba wenyewe unatosha kuwa chanzo: dhahabu ya ukanda huu mara nyingi hukaa pamoja na madini ya arsenopairaiti, yenye chuma, salfa na aseniki, na maji yanayopita kwenye nyufa za mwamba huo kwa miaka huondoka na sehemu yake. Zebaki ya wachimbaji wadogo ni janga jingine, na katika maji ya kisima hiki haikuonekana. Niliyasema hayo mkutanoni, na mzee mmoja akanijibu kuwa mwamba haujawahi kuja kwenye mkutano kujitetea, ila wenye makarasha wana mawakili. Watu walicheka. Mimi sikucheka sana.

Kwa nini magnetaiti

Mkemia wetu alikuwa ametoka kwenye masomo akiwa na kitu kimoja kichwani: magnetaiti ya nano. Magnetaiti ni oksaidi ya chuma, nyeusi, inayovutwa na sumaku. Aseniki hupenda kushikamana na uso wa oksaidi za chuma, hilo linajulikana miaka mingi. Jambo jipya ni udogo. Ukiivunja magnetaiti hadi chembe za nanomita 12 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), gramu moja tu inakuwa na uso wa karibu mita za mraba 100, sawa na kuta za ndani za nyumba ndogo. Kila sehemu ya uso huo ni mahali pa aseniki kukalia.

Shida ya chembe ndogo hivyo ni kuzitoa. Hazizami upesi, na kitambaa hakizizuii. Hapo ndipo sumaku inapoingia. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walionyesha kuwa chembe za ukubwa huo zinaweza kukusanywa majini kwa sumaku ya kawaida, si lazima mashine kubwa za viwandani, na kwamba aseniki hutoka nazo. Wazo lilikuwa zuri mno kwa kijiji kisicho na umeme wa gridi: tia unga, koroga, weka sumaku, mimina maji safi.

Vitu vingine vilitajwa mezani. Kichujio cha chuma na mchanga kama vile vinavyotumika Bangladesh na Nepal. Uvunaji wa maji ya mvua. Kuchimba kisima kingine. Vyote vikapewa dakika tano tano. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshapenda. Pesa ndogo tuliyokuwa nayo ilitoka kwenye fungu la ubunifu, na ndoo ya mchanga haiandikiki vizuri kwenye ripoti ya ubunifu.

Maabarani

Njia ya kutengeneza ni nyepesi. Kloraidi mbili za chuma, ile ya chuma-tatu na ya chuma-mbili kwa uwiano wa 2 kwa 1, zinayeyushwa majini, kisha amonia inamiminwa huku unakoroga. Maji ya rangi ya machungwa yanageuka meusi tiii papo hapo. Ukiweka sumaku nje ya kioo, weusi wote unakimbilia upande mmoja kama nyuki kwenye tawi. Kila mgeni aliyeona jambo hilo alitaka kuliona tena. Nami pia.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye maji yaliyokenekwa, yaani matupu yasiyo na madini, yaliyotiwa aseniki mikrogramu 100 kwa lita. Nusu gramu ya magnetaiti kwa lita, nusu saa ya kukoroga, dakika sita za sumaku. Kilichobaki ni chini ya 3. Tuliandika ripoti siku hiyohiyo.

Wiki mbili baadaye tukaleta maji halisi ya kisima. Kipimo kilekile, muda uleule. Kutoka 62 hadi 23. Mkemia alirudia mara tatu akidhani amekosea mizani.

Hakuwa amekosea. Maji ya kwenye mwamba hayaji na aseniki peke yake. Yanakuja na silika nyingi inayoyeyuka kutoka kwenye mawe, na fosfeti kidogo, na hizo nazo zinagombea viti vilevile kwenye uso wa chembe. Fosfeti inafanana na aseniki-tano, moja ya aina mbili za aseniki zinazokaa majini, kama ndugu pacha. Zaidi ya hapo, karibu sehemu mbili kwa tano ya aseniki yetu ilikuwa ya aina ile nyingine, aseniki-tatu, ambayo katika maji ya kawaida haina chaji, na silika ikiwa nyingi hiyo ndiyo inayosukumwa nje ya foleni kwanza.

Tukaamua mambo mawili. Kwanza, tutie klorini nusu saa kabla, ili aseniki-tatu igeuke aseniki-tano. Hilo lilituleta kwenye 11. Pili, tuongeze magnetaiti iwe gramu moja kwa lita. Tukafika 6. Wote tulipumua.

Ni hapo tu nilipochukua kalamu na kufanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Gramu moja kwa lita ni gramu 20 kwa ndoo. Shule, zahanati na kaya kwa maji ya kunywa tu zilihitaji ndoo 100 kwa siku. Hiyo ni kilo mbili za magnetaiti kila siku, kilo 730 kwa mwaka kama haitumiki tena. Mkemia alikuwa anatengeneza gramu 20 kwa mkupuo mmoja. Mkupuo mmoja, ndoo moja. Na aseniki yote iliyokuwa ndani ya ndoo hizo 100 kwa siku ni kama miligramu 124, yaani gramu 45 hivi kwa mwaka mzima. Tungekuwa tunabeba magunia ya unga mweusi ili kukamata kitu kinachoenea kwenye vijiko vichache.

Jibu la mkemia lilikuwa kuisafisha na kuitumia tena: unaosha chembe kwa kostiki soda, aseniki inaachia, unasuuza, unarudi kazini. Inawezekana, na tulifanya. Lakini kufikia mzunguko wa tano maji yalikuwa yanatoka na 14 badala ya 6, na tulikuwa na dumu la maji makali ya kostiki yaliyojaa aseniki ambalo hakuna aliyetaka likae karibu na ofisi yake.

Ndoo, pipa, simtanki

Nieleze kidogo kuhusu sumaku, maana hapa ndipo mradi ulipovunjika mguu.

Kwenye kioo cha maabara, chembe iliyo mbali kabisa na sumaku iko sentimita tano tu. Pipa la lita 200 lina upana wa karibu sentimita 58. Tulifunga sumaku za neodimiamu, zile zinazoweza kukubana kidole hadi utoe machozi, kuzunguka pipa zima kwa mkanda wa mpira. Tukatia unga, tukakoroga, tukangoja. Pembeni pakawa peusi. Katikati palibaki kama chai ya rangi. Tukalala, tukaamka, bado chai ya rangi. Mvuto wa sumaku hauondoki polepole ukisogea mbali. Unaporomoka. Chembe ya nanomita 12 ni ndogo kiasi kwamba mtikisiko wa maji yenyewe unatosha kuishikilia isiende popote.

Kulikuwa na sababu ya pili, na hii tuliielewa miezi baadaye. Kwenye maji yaliyokenekwa chembe zilikuwa zinagandamana makundi makundi, na ni makundi hayo, si chembe mojamoja, yaliyokuwa yanakimbilia sumaku kwa mbwembwe. Silika ya kisima ilikuwa inazivika chembe koti lenye chaji hasi. Zikawa zinasukumana, haziungani. Yaani maji yaleyale yaliyodhoofisha ukamataji wa aseniki ndiyo yaliyodhoofisha sumaku.

Suluhisho linalojulikana ni kuweka nyuzi za chuma ndani ya bomba na sumaku nje. Nyuzi zinaukusanya uga wa sumaku kwenye ncha zake, na chembe haihitaji tena kusafiri sentimita 29. Inasafiri milimita chache tu. Nyuzi zenyewe zinatakiwa ziwe za chuma kisichoshika kutu na bado kinachovutwa na sumaku, na aina hiyo dukani kwetu haikuwepo. Chuma cha pua cha vijiko na masufuria mengi hakivutwi. Nikanunua stilwaya za kusugulia masufuria, za bei rahisi kabisa, pakiti arobaini. Muuzaji akaniuliza kama nafungua hoteli.

Bomba la inchi nne, urefu wa mita moja, likajazwa stilwaya na kuzungushiwa sumaku. Siku ya kwanza maji yalitoka meupe. Tulipeana mikono.

Chai

Kisha tukaliunganisha bomba hilo na simtanki la lita 1,000. Mama anayesimamia gati la shuleni alielekezwa kufungua koki robo tu, maji yapite taratibu. Tukaweka kibao: MAJI YA MAJARIBIO, HAYANYWEKI. Siku ya tatu tulikuwa uani kwake, akatukaribisha chai ya rangi. Ilikuja kwenye vikombe vya bati, nyeusi kama wino wa kalamu.

“Karibuni, wataalamu,” alisema. “Ila msiniulize imekuwaje, maana majani ni yaleyale ya kila siku.”

Majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa weusi. Watu wa kisima chekundu, kile cha pampu ya mkono, wanalijua hilo toka utotoni. Mama yule alikuwa amechota kwenye bomba letu kwa sababu lilikuwa karibu na jiko, na kibao kilikuwa upande wa pili. Koki ilikuwa wazi yote, kwa kuwa robo koki inajaza ndoo moja kwa dakika ishirini na watoto walikuwa kwenye foleni. Maji yakikimbia, msukumo wake unaishinda sumaku, na chembe zinang'olewa kwenye nyuzi na kuondoka. Tulipima chuma kwenye maji yale: miligramu 1.8 kwa lita. Kiwango kinachoanza kuonekana kwa macho na ladha ni kama 0.3.

Hakuna aliyeugua kwa kikombe kile. Lakini tulikuwa tumewawekea watu kwenye maji kitu ambacho hakikuwepo, tena kidogo kiasi kwamba kichujio chochote cha nyumbani kisingekizuia. Tulilifunga bomba alasiri ileile. Kosa la kibao na la koki ni letu. Mtu mwenye watoto thelathini kwenye foleni atafungua koki yote, na kifaa ambacho usalama wake unategemea robo koki hakijakamilika.

Stilwaya peke yake

Tulipofungua bomba baada ya wiki mbili, stilwaya zilikuwa zimeoza. Kutu tupu, nyekundu, laini kama tope. Nilikuwa tayari kuzitupa. Mkemia akaniomba nisubiri. Alisema kuna jaribio moja tulilolikwepa tangu mwanzo, kwa haraka au kwa aibu: bomba lenye kila kitu isipokuwa magnetaiti.

Akapanga mabomba mawili mafupi. Moja lina stilwaya, sumaku na maji yaliyochanganywa magnetaiti. La pili lina stilwaya peke yake, bila sumaku, linapokea maji ya kisima yaliyotiwa klorini. La pili lilishusha aseniki kutoka 62 hadi 18. Alipoongeza ndoo ya mchanga chini yake, 9.

Nilikaa na namba hiyo siku nzima. Chuma kikishika kutu ndani ya maji kinatoa oksaidi na haidroksaidi mbichi za chuma, kila saa, bila maabara na bila amonia. Aseniki inazishika hizo kama inavyoishika magnetaiti. Mchanga unazuia kutu isitoke. Tulikuwa tumenunua stilwaya ili zituondolee chembe, kumbe zilikuwa zinafanya kazi ya chembe.

Na hapo kikaja kichwani mwangu kisima chekundu. Maji yake yana chuma kilichoyeyuka, miligramu 4 kwa lita, ambacho kikikutana na hewa hugeuka kutu na kuzama, na kikizama huchukua aseniki kama ipo. Tukaenda kupima chini ya ule mwarobaini. Kabla ya kuchujwa, mikrogramu 7. Baada ya kukaa kwenye hewa na kupita mchangani, chini ya 3. Kisima kilichokimbiwa kwa ubaya wa sura kilikuwa salama muda wote, mita 400 kutoka ofisi ya jumuiya. Hatukuwahi kukipima kwa sababu hakuna aliyekinywa.

Tulichofanya mwishoni

Magnetaiti ikaondolewa kijijini. Shule na zahanati zikapewa seti nane za ndoo tatu tatu. Ndoo ya juu ina mchanga mkubwa na nyuzi za chuma zinazodondoka kwenye mashine za kukerezea karakanani, zilizooshwa kwa sabuni ili mafuta yatoke. Ya kati ina mchanga laini na mkaa. Ya chini ni ya akiba, ina koki na klorini kidogo, maana mchanga unaokaa na maji hufuga vijidudu. Kila seti inatoa kama lita 20 kwa saa. Koki imetobolewa tundu dogo kwa makusudi: hata ukiifungua yote haiendi haraka.

Kisima chekundu kikafufuliwa kwa ajili ya kaya. Maji yanamwagwa kwenye trei zenye matundu, yanapata hewa, yanaingia kwenye tangi la mchanga. Teknolojia ya zamani kuliko sisi wote tuliokuwepo.

Kisima cha maji matamu hakikufungwa. Koki zake zilipakwa rangi nyekundu, kwa kufulia na kujengea, na za kisima kingine kijani, kama walivyofanya Bangladesh kwenye visima vyao. Kukifunga kabisa kungewapeleka watu kwenye madimbwi, na kipindupindu hakingoji miaka kumi kama aseniki.

Baada ya mwaka, seti sita kati ya nane zilikuwa bado chini ya 10. Mbili zilipanda juu ya 10 mwezi wa saba. Tulipozifungua, chuma kilikuwa kimegandamana kama simenti na maji yamejitafutia mpenyo pembeni. Zote mbili zilikuwa za madarasa yaliyofungwa wakati wa likizo, zikakauka. Sasa walinzi wa shule wanamimina ndoo moja kwa kila seti kila asubuhi ya likizo. Na watu bado wanachota kwenye koki nyekundu foleni ya kijani ikiwa ndefu. Nimewaona kwa macho yangu.

Uchambuzi

Kilichokwenda vizuri ni kidogo lakini kina uzito. Tulipima maji yasiyolalamikiwa. Tuliwaambia watu ndani ya muda tuliouahidi. Tulipima chuma kwenye maji yaliyotoka, si aseniki peke yake. Bila hivyo chembe zilizokuwa zinavuja tungezijua kwa chai tu. Na mkemia alikubali kufanya jaribio ambalo lingeweza kuizika kazi yake mwenyewe, jambo ambalo sijaliona mara nyingi.

Kosa kubwa halikuwa la kemia. Magnetaiti inakamata aseniki, hilo halina ubishi. Kosa ni kwamba tulikichanganya kinachokamata na kinachotoa. Sumaku haitoi aseniki majini. Sumaku inatoa chembe ambazo sisi wenyewe tumezitia. Ukichagua chembe za nano umejinunulia uso mkubwa, na papo hapo umejinunulia kazi ya kuzirudisha zote, kila siku, kutoka kila ndoo. Kwenye kioo kazi hiyo ni mchezo wa kuvutia wageni. Kwenye simtanki ni mradi mzima wa pili, na hatukuwa tumeupangia pesa wala mtu.

Maji yaliyokenekwa yalitupotosha. Siku hizi mkemia hakubali kuanza chochote bila dumu la maji ya chanzo chenyewe mezani, pamoja na vipimo vya silika, fosfeti, uchachu (pH) na aina mbili za aseniki. Jaribio lisilo na dawa, bomba tupu, linafanywa wiki ya kwanza. Lingetuokolea miezi mitano. Nimekuwa pia mkali kwenye hesabu ya ndoo: kabla ya kusikia asilimia ya uondoaji nauliza gramu ngapi kwa ndoo ya lita 20, nani atazipima asubuhi, na zikishatumika zinakwenda wapi.

Hilo la mwisho lilitupa shida kuliko nilivyotarajia. Wazo la kwanza la kijiji lilikuwa kutupa tope chooni. Tulikataa, na si kwa ukaidi: ndani ya shimo la choo hakuna hewa, na mahali pasipo hewa bakteria huyeyusha oksaidi za chuma. Chuma kikiyeyuka kinaachia kila kilichokishika, na shimo linapeleka kwenye maji ya ardhini. Tope la vichujio na magnetaiti yote iliyotumika tulivichanganya na saruji.

Je, magnetaiti ya nano haina pake? Ina pake. Mahali penye maji machache yenye sumu nyingi, umeme, sumaku kubwa na fundi wa zamu, kwa mfano maji yanayotoka kwenye mtambo wa kuchenjulia, hesabu inageuka: gramu moja inakamata aseniki nyingi zaidi na hakuna mtoto kwenye foleni. Maabarani pia. Unatia chembe kwenye lita moja ya sampuli, unazikusanya kwa sumaku, unaachilia zilichokishika kwenye mililita chache, na kipimo kilichokuwa hakioni kinaanza kuona. Mkemia wetu anaitumia hivyo hadi leo, mkupuo wa gramu 20 unamtosha miezi.

Matofali ya saruji yako 31. Yamepewa namba kwa rangi ya mafuta, yamepangwa kwenye stoo ya jumuiya yenye sakafu ya zege, na ufunguo anao katibu. Namba 1 hadi 19 yana magnetaiti. Yaliyobaki yana kutu ya stilwaya, mchanga na nyuzi za karakana, na yanaongezeka mawili kila muhula.